Mpishi Aliyejinyima

Mtu akitaka kupunguza mwili, apunguzie kwao, si jikoni mwangu. Kabura ni binti wa kaka yangu Ngatia, na ndiye mpishi wa hoteli yangu hapa Ruring'u. Alikuwa mnene, tena mnene wa kupendeza. Akipita kati ya meza, wateja wanasogeza viti wenyewe. Wasike, askari kutoka Bungoma, alimpenda hivyo hivyo alivyo. Kisha Wasike akahamishiwa kaskazini, mahali simu inashika ikijisikia, na Kabura akaingiwa na wazimu.

"Tata Nduta," akaniambia, maana kwetu shangazi ni tata, "siku ya ruracio, akileta mahari, nataka aniangalie akose maneno."

"Kwani saa hii ako na maneno mengi?"

Hakunisikia. Akaanza kula sukuma ya kuchemshwa na yai, kisha anashushia na maji moto.

Mwanzoni njaa ilimpigia kelele. Mteja anatafuna, yeye anameza mate. Mteja akiacha viazi, anasimamishwa mlangoni: "Hizi umemwachia nani?" Baadaye njaa ikanyamaza, tukadhani imeenda zake. Wapi! Ilikuwa imehamia puani. Akawa anatuambia kitunguu cha jirani ng'ambo ya barabara kimeanza kuungua, na kweli kinaungua. Akawa anasikia baridi mbele ya jiko linalowaka, sweta mbili na kofia juu.

Lakini kichekesho chenyewe ni hiki: kadiri alivyojinyima, ndivyo alivyotaka sisi wengine tule. Sahani zikajazwa hadi mchuzi unamwagikia meza. "Tata, ongeza kidogo tu, nikuone ukimeza." Anasimama mbele yangu, macho yamemtoka, mpaka nimalize. Na mimi ni mtu wa kukataa chapati? Nikala. Madereva wakalegeza mishipi. Nguo zangu zikanikataa moja baada ya nyingine, nikachukua zile kubwa ambazo Kabura alikuwa ameacha kuvaa, zikanikaa sawasawa. Wala sikufikiria kitu.

Siku ikafika, tukaenda kwa Ngatia kule Gakindu. Kwetu bibi harusi hufichwa: wanawake hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wakapangwa mstari, hakuna kusema neno, na mwanamume anamtafuta wake. Akikosea anatozwa faini, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Lakini Ngatia, ambaye hakuwahi kumtaka huyo mkwe, alisimama akatangaza: "Akikosea mara mbili, hamjui msichana wangu. Abebe vitu vyake arudi Bungoma." Wageni wakadhani ni mzaha. Mimi namjua kaka yangu, huyo hajawahi kutania tangu azaliwe.

Nikiwa ndani ya leso yangu, nikasikia viatu vya Wasike vikija. Kwa Kabura, aliyekuwa wa kwanza, vilipita bila kusita. Vikawapita wengine pia. Vikafika kwangu, vikasimama. Nikamsikia akivuta pumzi kwa furaha, maskini ya Mungu.

"Ni huyu!"

Leso ikavutwa. Akanikuta mimi, shangazi mtu.

"Ai! Mama!" akaruka nyuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nilikuwa nje, naona kila kitu. Wasike anatokwa jasho, anaangalia zile leso zilizobaki, zote nyembamba, hakuna hata moja anayoijua. Leso ya Kabura inatetemeka. Alikuwa amesikia akipitwa. Moyo uliniuma, nikataka kupiga kelele, lakini Ngatia alikuwa amenikazia macho.

Ndipo moshi wa nyama ukageukia upande wetu. Leso ya kwanza ikainua kichwa. Ikatoka mstarini. Ikaenda bila kuona, ikagonga kiti cha mchungaji, ikaomba msamaha kwa ndoo, mpaka kwenye meza ambapo vijana walikuwa wanakata mutura, yale matumbo ya mbuzi ya kujazwa nyama na damu. Mkono ukatoka, ukachukua kipande, ukarudi ndani. Boma zima tukasikia kutafuna.

"Hii mutura ni nani ameweka chumvi?" leso ikauliza kwa ukali. "Ati mnakaribisha wageni na kitu kama hii?"

"Kabura!" Wasike akakimbia.

"Amesema! Hiyo haihesabiki!" Ngatia akafoka.

"Wewe Ngatia, kaa chini!" nikamwambia. Akakaa, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wake.

Wasike akaifunua leso huku akicheka, na kicheko kikamwishia mdomoni. Mashavu ya Kabura yalikuwa yameingia ndani, mifupa ya mabega imesimama, mdomo umejaa nyama.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Nilitaka ukiniona ushangae."

"Nimeshangaa," Wasike akasema, machozi yakimlengalenga. "Nimepita mbele yako nisikujue."

Kabura akaacha kutafuna. Akalia pale pale, mbele ya wakwe, mafuta yakimteremka kidevuni. Hakuna aliyecheka, hata Ngatia. Wasike akamvutia kiti, akachukua kisu kwa vijana, akaanza kumkatia nyama vipande vidogo vidogo mpaka aseme imetosha. Hakusema upesi.