Unataka Gari Linyamaze au Lifike?

Siku ile naikumbuka kuliko hata jana, mwanangu, maana nusura nimpige fundi wangu ngumi. Kaa hapo kwenye tairi. Na hiyo simu iweke mfukoni kwanza; mkeo hajapotea, yuko shuleni anafundisha.

Nilikuwa namfuata mama yako kwao Mwanhuzi. Ng'ombe wa mahari walishatolewa, lakini babu yako mzaa mama alikuwa mtu wa neno moja: binti anatoka jua likiwa juu. Likizama, analala kwao, na mipango inaanza upya. Basi nikaenda Malampaka kuazima Landrova ya mjomba, kuukuu hata wakati ule. Njia nzima injini inagonga, ka-ka-ka-ka, mpaka wachunga ng'ombe wanageuka. Niliona aibu! Nikawawaza mashangazi wa mama yako. Wale wanawake wana midomo, we acha tu.

Hapa Bariadi nikampitia Mzee Masanja, fundi aliyenifundisha kazi hii. Nikamwomba tukaze tapeti, hizi zinazosukuma valvu, gari linyamaze niondoke zangu. Akagusa injini, akarudisha mkono haraka.

"Ya moto hii. Ipoe kwanza."

"Mzee, jua linakwenda!"

"Liache liende. Chuma cha moto kimevimba. Ukikipima sasa kinakudanganya."

Lo! Nikalizunguka lile gari kama kuku anayetafuta pa kutagia, yeye anakunywa uji wake taratibu. Injini ilipopoa akaifungua. Akapitisha kibati chake chembamba cha kupimia kwenye kila tapeti, akakaza zilizolegea mno, lakini kila moja akaiachia upenyo mdogo. Nikawasha. Kelele imepungua, ila bado inagonga kwa mbali. Nikashika bisibisi nimalizie mwenyewe. Akanikamata mkono kwa nguvu, na mzee yule hakuwa mtu wa hasira; hapo ndipo nusura nimpige.

"Wewe unataka gari linyamaze au lifike?"

Akanieleza kwamba nikikaza mpaka sauti iishe, hapa mjini nitatamba. Lakini huko mbele injini ikishika moto, valvu itarefuka, na kwa kuwa sijaiachia nafasi, haitafunga. Nguvu zitaisha, valvu itaungua, nami nitalala porini na suti yangu.

Niliondoka nimenuna, hata kuaga sikuaga vizuri. Barabara mbovu, joto kali, lakini Landrova haikusita hata kwenye vilima. Niliingia Mwanhuzi jua limeshashuka kwenye miti, ila halijazama. Mashangazi walicheka kweli, tena wakauigiza ule mlio kwa midomo. Nikacheka nao, maana mama yako alikuwa tayari mlangoni na sanduku lake. "Nimekusikia tangu mbali," akaniambia, "ndiyo maana nikamwambia baba asikae chini, unafika." Nilifurahi, mwanangu, mpaka machozi yakanitoka mbele ya wakwe.

Sasa nikwambie ukweli, kwa sababu nakuona. Tangu asubuhi unamuuliza mkeo yuko wapi, yuko na nani, mbona hakupokea. Akisema neno unataka anyamaze. Unakaza. Na ataweza kunyamaza kweli, utadhani umejenga nyumba. Ikija shida, ugonjwa au msiba, ndipo moto utawawakia, na mwenzako hatakuwa na pa kupumulia. Mwache aende kwa dada zake Kiloleli. Mwache akubishie. Na ukiwa na hasira usimpime mtu, subiri upoe, hata kama unaona unachelewa. Hujaharibu kitu bado, mnaanza tu.

Mama yako huyu amenipigia kelele miaka yote, na unamsikia sasa hivi anatuita chakula. Haya, tunawe mikono. Mungu akupe nyumba yenye kelele kidogo, mwanangu, mzeeke humo wote wawili.