Somo la Asubuhi kwa Kihispania

Kihispania changu ni cha kubabaisha, nakiri. Lakini shule yetu ndogo huku Migori inafadhiliwa na watu wa Hispania, na walipotuma habari kwamba wanakuja kututembelea, mwalimu mkuu alinitwika mimi kazi ya kuwafundisha watoto wa gredi ya kwanza kueleza asubuhi zao. Nilijifunza kwenye simu, nikiwatangulia kwa somo moja tu.

Tulifanya kwa vitendo. *Me despierto*, wote wanapikicha macho na kujinyoosha. *Me lavo la cara*, wote wananawa uso kwa maji yasiyokuwepo. Kisha nikataka kila mtoto aonyeshe jambo moja analofanya nyumbani kabla ya kuja shule, nami nimtafutie maneno yake.

Msichana mmoja wa miaka sita alisimama, akajifanya ameshika kitambaa, akakikunja na kukikamua kwa nguvu.

"Unakamua ndimu?" nikamuuliza. Darasa likacheka.

"Hapana, mwalimu. Nakamua dhahabu. Ile dawa ya kung'aa inatoka, dhahabu inabaki."

Mimi ni mzaliwa wa Homa Bay, mambo ya machimbo siyajui. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji wa hapa, ndiye aliyenieleza wakati wa mapumziko kwamba dawa hiyo ni zebaki. Inanasa dhahabu kwenye mchanga, na ni sumu. Anayeishika kwa miaka mingi hutetemeka mikono. Nilipigwa na butwaa. Mtoto wa miaka sita! Kila asubuhi! Na mimi nilikuwa namsifu mbele ya wenzake kwa kuwahi shule.

Jioni nilimfuata hadi kwa nyanya yake anayemlea. Nilikwenda na hasira, sifichi, na maneno makali nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nyanya alinikaribisha vizuri, akaanza kunimiminia chai. Nusu yake ilimwagika mezani.

"Dani," nikasema, nikimwita nyanya kwa Kiluo, kwa sauti ndogo kuliko nilivyokusudia, "huyu mtoto asishike tena ile dawa. Itamharibu."

"Najua, mwalimu. Si unaona mikono yangu? Haitulii tena. Nikikamua mimi, namwaga yote. Yake bado iko sawa."

Msichana alikichukua kikombe kutoka kwa nyanya yake, akakijaza upya, akaniletea bila kumwaga hata tone.