Matete ya Maman Eulalie

Maman Eulalie alikuwa na ulimi mkali, nami sitamtetea: hata padri alimwogopa. Lakini kwa habari ya matete alikuwa na haki, na mtaa mzima ulikosea.

Alikuwa mjane wa mvuvi, akiishi kwa kusuka na kuuza migono ya kutegea samaki. Chini ya nyumba yake, pale Bukavu, Ziwa Kivu lilifanya kighuba kilichojaa matete, na ndani ya matete hayo tilapia walizaa na kuficha vitoto vyao. Msimu wa kuzaa ulipofika, alifunga fundo la majani makavu ya mgomba kwenye mti uliochomekwa majini. Ukiliona fundo, hupeleki mgono wala ndoana. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba mkwe wake.

Kisha mvua zikaanza kuwachezea watu. Miaka miwili mfululizo zilichelewa, zikaja haba, na jua likawaka hata katika miezi ya baridi na makoti. Ziwa lilirudi nyuma, maji ya kando yakawa vuguvugu, matete ya kwingine yakakauka yakageuzwa kuni. Samaki wakaadimika. Matete ya Eulalie tu ndiyo yalisimama, kwa kuwa pale palikuwa na kina na kivuli.

Ndipo akaja Firmin, mtoto wa dada yake, mkubwa wa mtaa. Siku hizo za Zaïre, majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku, alijiita Citoyen Mushagalusa. Eulalie, aliyembeba mgongoni, alimwita Firmin mbele za watu, kwa makusudi.

“Maman mudogo, mugeni mukubwa anakuja na bateau, atapita hapa ziwani. Siku ya salongo tunakata hii matete yote. Iko bucafu, inaleta mbu.”

“Bucafu? Ulikula bucafu hii mpaka ukaota ndevu! Samaki iko nazalia humu. Joto imemaliza pengine pote.”

“Iko ordre ya bakubwa, maman.”

“Na njaa, nayo iko ordre ya nani?”

Firmin akaenda zake. Jumamosi watu wakaja na mapanga, maana asiyefika kwenye salongo, kazi ile ya lazima, alilala korokoroni. Waliokata ni walewale waliokula samaki wa pale. Hilo ndilo lililomchoma Eulalie. Na walikata wakiimba! Alisimama majini hadi kiunoni akiwatukana mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo, mpaka sauti ikamkauka. Kufika saa sita palikuwa peupe kama kichwa kilichonyolewa, na vitoto vya samaki vikielea matumbo juu.

Mgeni alishuka na ndege kwenye uwanja wa Kavumu, akaja mjini kwa gari. Ziwa hakulitazama.

Mwingine angelia na kuhama. Eulalie alikasirika, na hasira ile ikamfaa. Alijua panga haliui mizizi ya matete. Alifunga fundo jipya, akakaa ufukweni kila siku akisuka, akifukuza mbuzi, wafua nguo na wenye nyavu za matundu madogo. Watu wakasema amerukwa na akili. Mwaka wa tatu tangu matete yakatwe, mvua zikarudi kwa kiasi. Matete yakainuka, machache, na tilapia wadogo wakaonekana kati yake.

Jumapili moja baada ya misa watu wakateremka na mabeseni, Georgette muuza samaki mbele yao akishangilia: “Mungu iko muzuri! Amerudisha samaki!”

Eulalie akaweka mgono chini. “Mungu iko muzuri, ndiyo. Lakini Mungu hakukamata panga. Ni ninyi! Kila mutu aliyekata aseme na kinywa yake: nilikata. Mukishindwa, mupande mulima na mabeseni yenu.”

Georgette akasema ilikuwa ordre. Mwingine akasema yeye alikata kidogo tu. Wakaanza kupanda mlima mmoja mmoja, beseni tupu kichwani. Akabaki Firmin, ambaye hakuwa mkubwa wa mtaa tena.

“Nilikata, maman mudogo.”

Eulalie hakulainika.

“Samaki sitakupa, bado bako badogo. Kesho asubuhi utakuja kukaa hapa, ubafukuze batu. Mimi nimechoka.”