Alimwita Nani

Binti yangu alipokuwa anakufa alimwita mume wake. Mimi hakuniita. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na nilikaa na neno hilo mwaka mzima kama mtu aliyemeza kokwa la avokado.

Mimi nilikuwa nyumbani Gesima, huko Kisii, yeye alikuwa Amerika, kwenye jimbo la baridi ambalo jina lake hunishinda kutamka. Homa ilimshika, ikaingia kwenye damu, na kabla hatujamaliza kupanga maombi kanisani akawa amekwisha. Kando ya kitanda alikuwa mjukuu wangu peke yake. Baba yake alikuwa barabarani akitoka kazini, theluji imefunga njia. Msichana alinipigia simu akilia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota kwamba mama yake alikuwa akimwita Baba. Baba, Baba, mpaka akanyamaza.

Tulimzika kwa mume wake Ukambani. Mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, hata kama udongo wa huko ni mgumu kama tofali. Mkwe wangu akasimama mbele ya watu, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, "Nilichelewa. Lakini mke wangu aliniita mimi mpaka pumzi ya mwisho." Watu wakalia. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, na nikahisi kitu ndani yangu kikigeuka mti. Nimembeba mtoto huyu tumboni, nimechuma chai naye akiwa mgongoni, mvua ikitunyeshea sote wawili. Nimemsomesha mimi niliyeishia darasa la tatu. Na saa ya kufa akamwita Mkamba.

Mimi ni mtu wa kujivuna, sifichi. Ukipita kwangu nitakuonyesha picha ya binti yangu amevaa joho, nitakuonyesha ya mjukuu wangu anayesomea uhandisi wa maji, na hutaondoka kabla hujasema ni wazuri. Kwa hiyo jambo hili sikumwambia mtu. Nilirudi Gesima nikaendelea kuchuma. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaimba, wakanywa chai, wakaniangalia macho wakingoja nilie, wakarudi kwao mikono mitupu. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ungenichoma kwa kijinga cha moto ningekuuliza unataka nini.

Safari ya Bolivia ilikuwa yake, binti yangu. Aliipanga akiwa hai: yeye, mumewe, msichana wao na mimi, tutembee nchi hiyo pamoja na wageni wengine, kila mtu na begi lake mgongoni. Aliniambia kwenye simu kuna ziwa limewekwa juu ya milima, na kuna akina mama wanabeba mizigo na watoto mgongoni kama sisi. Alipokufa nilidhani safari imekufa naye. Mjukuu wangu akasema hapana, tutaenda watatu. Nilikubali kwa sababu kukataa kunataka nguvu.

Soko la Ikonge lilipata habari kabla sijapata pasipoti. Mama mmoja anayeuza ndizi akaniuliza kama ni kweli huko chini ya dunia watu hutembea kichwa chini, miguu juu. Nikamwambia ndiyo maana nimenunua suruali. Akacheka mpaka ndizi zikamwanguka. Mimi sikucheka. Nililisema tu kwa sababu lilikuwa jibu.

Ndege ilitushusha mahali palipo juu kuliko mawingu ya kwetu. Sisi wa Gesima tunajiona watu wa milimani, lakini huko hewa ni nyepesi kama uji wa matanga, unavuta na hushibi. Walitupa chai ya majani yanayoitwa koka. Maji ya kijani, harufu ya nyasi ya ng'ombe. Nilikunywa, kichwa kikapoa kidogo, sikusifu.

Tulikuwa kikundi cha watu kama kumi. Vijana wa Ujerumani wenye nywele ndefu, wasichana wa Australia waliochubuka visigino, na mume na mke kutoka Kanada, walimu wastaafu, walioshikana mikono hata kwenye mteremko. Kiongozi wetu alikuwa mtu mfupi mwenye jino la dhahabu, ambaye alituita wote "familia". Begi langu lilikuwa la buluu. Nilitaka kulibeba kichwani, wakadhani nafanya mzaha. Mjukuu wangu akalikaza mgongoni kwangu mikanda kila upande kama anafunga punda.

Jioni ya kwanza kiongozi akatufungulia chumba chenye vitanda vitatu. Familia, chumba kimoja. Nikabaki mlangoni.

Niseme kwa asiyejua. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, na kubwa kuliko zote ni ya mama mkwe na mkwe wake. Hatulali chumba kimoja. Sioni kitanda chake. Hatukai karibu tukaongea mambo ya mwili, wala ya ugonjwa, wala ya mke wake alivyokuwa.

"Mwambie mimi silali mahali mkwe wangu anavua viatu," nikamwambia msichana.

"Nyanya, sasa hiyo nitamwambia kwa Kiingereza gani?"

"Kile ulichosomea."

Akamwambia. Kiongozi akauliza kama tumegombana. Akasema kijijini kwao mama mkwe huingia mpaka chumbani na kuchagua blanketi. Kabla hajamaliza, mkwe wangu alikuwa ameshachukua begi lake. "Pole, Mama," akasema akiangalia ukuta, akaenda kulala kwenye chumba cha kulia chakula. Ni Mkamba, lakini binti yangu alimfunza vizuri.

Basi tulitembea hivyo nchi nzima. Yeye alikuwa mbele sana au nyuma sana, na maneno yetu yalipitia kwa msichana. Mwambie Nyanya avae kofia. Mwambie baba yako ale. Hata kama ningetaka kumuuliza, kabla hajaenda kazini siku ile binti yangu alisemaje, aliniulizia, hata jina langu lilitajwa, mdomo wangu haukuwa na ruhusa.

Tulipelekwa mahali pa chumvi. Chumvi tupu, nyeupe, mpaka macho yanaishiwa. Wenzangu waliruka wakapiga picha wakiwa hewani. Mimi nilisimama. Ilikuwa chumvi. Tulilishwa viazi vyeusi, ambavyo huachwa nje vigandishwe na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu, vikaanikwa mpaka vikawa mawe. Vina ladha ya nyumba ambayo mtu amehama. Nilivimaliza, kiongozi akadhani nimevipenda, akaniongezea.

Hapo kwenye chumvi nilimwona mkwe wangu akiongea na wale walimu wa Kanada. Yule mke alikuwa ameweka mkono kifuani. Nikamuuliza msichana anawaambia nini. Akasita, halafu akasema, "Ile ya Mama. Kwamba alimwita."

Nikasema sawa. Nikaendelea kuangalia chumvi.

Ziwa lilikuja mwishoni. Kweli lipo juu ya milima, kwa macho kubwa kama ziwa letu la Nyanza lakini baridi, na ndani yake kuna kisiwa kisicho na gari. Mashua ilituacha upande mmoja, tukaambiwa tutembee kwa miguu mpaka upande wa pili, ambako itatungoja. Njia ilipita juu ya mashamba ya matuta, yamekatwa vizuri kwenye mteremko kama yetu. Nilikuwa nyuma na mjukuu wangu. Mkwe wangu alikuwa mbele, juu kwenye kilele, mgongo wake tu unaonekana.

Chini yetu kulikuwa na mwanamume anachimba viazi. Msichana mdogo mwenye kondoo alitokea kwenye tuta la juu akamwita, "Tata! Tata!" Yule mwanamume akainua kichwa.

Hewa ikanitoka puani, karibu kicheko.

"Umesikia huyo?" nikasema. "Anamwita baba yake kwa Kikisii."

"Amesema tata, Nyanya."

"Ndiyo. Kwetu tata ni baba."

Akacheka. "Kama tata ndiye baba, basi baba naye ni nani?"

"Baba ni mama," nikasema, huku natembea.

Ni kitu cha kawaida. Wageni wote wanaohamia Kisii hucheka wakimwona mtoto ameng'ang'ania sketi ya mama yake akilia "baba, baba". Katika lugha yetu mama ndiye anayeitwa hivyo. Binti yangu aliniita hivyo mpaka alipoingia shule. Huko akawasikia watoto wa mwalimu wakisema Mama, naye akaanza kusema Mama, na hakurudi tena nyuma. Hata kwenye simu kutoka Amerika nilikuwa Mama. Mume ni Mkamba, nyumbani kwao waliongea Kiswahili na Kiingereza, na binti yangu alimwita mumewe Baba kama wake wengi wanavyoita. Kwa hiyo msichana wake hajawahi kusikia hiyo maana nyingine. Na mimi nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuitwa hivyo.

Nikasikia viatu vya nyuma yangu vimenyamaza. Nikageuka.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama na uso umebadilika kama wa mtu aliyeona nyoka njiani.

"Nyanya," akasema. "Kulikuwa na neno lingine. Sikukwambia. Nilidhani ni pumzi tu."

"Neno gani?"

"Kama incho. Baba, incho. Hivyo hivyo, mara nyingi."

"Inchwo," nikasema.

"Ni nini?"

"Ni njoo."

Akakaa juu ya begi lake akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa akisema pole, pole, Nyanya, kana kwamba ameniibia. Mimi sikulia. Niliangalia yule mwanamume akitoa viazi kwenye udongo na kuvitupa kwenye gunia. Nilihisi mikanda ya begi, basi.

Mwaka mzima niliumwa kwa kuwa hakuniita. Sasa najua aliniita, na sikwenda. Nilizipima hizo mbili nikashindwa kujua ipi ni afadhali. Alikuwa na homa, lugha zote alizosomea zikamtoka moja moja, akabaki na ile aliyonyonya. Akarudi akawa wa urefu wa sketi yangu, akasema mama, njoo. Na mimi wakati huo labda nilikuwa nafukuza kuku kwenye wimbi nililoanika juani.

"Sema tena," nikamwambia msichana.

"Nyanya, siwezi."

"Sema alivyosema."

Akasema. Haikuwa sawa. Akalitamka kama mzungu anayeomba chakula. Nikamwambia hapana, lisikatike, lianzie juu halafu lishuke, kama mtoto aliyefungiwa mlango nje. Akasema tena, kamasi zikimtoka. Nikamrekebisha. Akasema tena. Kondoo walipita kati yetu. Sijui tulirudia mara ngapi, ila ilifika moja ambayo ilikuwa sauti ya binti yangu kabisa, ya zamani, kabla ya shule. Nikainua mkono kumwonyesha anyamaze.

"Nimesikia," nikasema.

Alipojifuta uso akaangalia juu kwenye kilele, ambako baba yake alikuwa amesimama akitungoja huku ametugeuzia mgongo. Akasema lazima tumwambie.

"Hapana."

"Lakini si yeye aliyeitwa."

"Alichelewa," nikasema. "Mtu aliyechelewa akipewa kitu cha kushika, usimpokonye. Asubuhi ataamka na nini?"

"Na wewe?"

Nikakaza mikanda ya begi. Mimi nimezaa, nimezika mume, nimezika mtoto. Najua kuamka bila kitu. Unaweka miguu chini, mmoja, halafu mwingine. Yeye hajajifunza.

"Ukimwambia," nikasema, "mimi si nyanya yako tena." Alijua ni uongo, lakini alielewa uzito wake.

Mkwe wangu aliona tumechelewa, akashuka kutufuata. Alisimama mbali kidogo kama kawaida yake, akaangalia ziwa, akamuuliza binti yake kama Nyanya ameumia. Msichana alifungua mdomo ukabaki wazi. Basi nikajibu mimi mwenyewe, moja kwa moja, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Sijaumia. Namfundisha Kikisii."

Alishtuka, karibu aniangalie. "Vizuri, Mama. Mama yake kila mwaka alikuwa akisema ataanza kumfundisha." Akachukua begi la msichana akalivaa kifuani, lake likiwa mgongoni. Halafu akauliza amejua neno gani.

Mjukuu wangu aliniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini upepo wa huko hufanya macho ya kila mtu kuwa mekundu.

"Amejua kusema njoo," nikasema.

"Linasemwaje?"

Msichana hakuweza. Nikalisema mimi, polepole, nikiliacha peke yake bila lile la "baba" mbele yake.

"Incho," akasema mkwe wangu. "Incho. Incho." Akatangulia kwenye njia, akilirudia kwa furaha kidogo, akilikosea kila mara. Yeye sikumrekebisha.