Nyumba Niliyoiita Ghala la Nazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivishwa kanzu ya mtu mwingine. Ilikuwa ya boi aliyehamia Tanga, mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, ikabidi niikunje kiunoni na kuibana kwa mshipi mwekundu nisije nikajikwaa mbele ya wageni. Mpishi mkuu, mtu wa Muheza asiyecheka ovyo, alinitazama akasema nimefanana na mto uliotiwa kwenye foronya kubwa. Hapo ni Pangani, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Memsabu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Ninyi vijana mnaotembeza wageni siku hizi mna kofia zenye maandishi na simu mkononi. Sisi tulianzia chini. Wageni wetu walikuwa mabwana wa mashamba ya mkonge na wake zao, waliokuja kupunga upepo na kuoga baharini. Mimi nilianza na vyumba. Alfajiri nilipeleka chai ya kitandani, yaani ile anayokunywa mgeni kabla hajanawa uso, na ilitakiwa ifike ya moto bila kijiko kugonga kisahani. Kisha nilitandika kwa mtindo wa bahasha, ukikunja pembe za shuka chini ya godoro mpaka zikae kama barua iliyofungwa. Baada ya mwaka nikapandishwa kuwa boi wa meza. Na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kidogo na mdomo ninao, Memsabu akanipa wageni niwatembeze mjini kila alasiri.

Matembezi hayo tuliyaita mzunguko. Yalianzia boma, yakapita kwenye nyumba zenye milango ya nakshi, yakafika kivukoni, yakarudi kwa njia ya mtoni ambako zamani misafara ilitua pembe za ndovu. Memsabu alinifunza mwenyewe: tangulia hatua moja, simama kivulini, usiseme wakati mgeni anatembea maana nusu ya maneno huchukuliwa na upepo. Nilisema niliyoyajua, nani alijenga nini na nani alikuja baada ya nani. Wageni walipiga miayo.

Siku moja Memsabu alitufuata nyuma. Tuliporudi aliniita barazani.

"Unasema kama unasoma orodha ya dobi," akaniambia. "Nitafutie habari yenye mtu ndani yake. Ukiipata, utaacha meza, utembeze wageni tu."

Niliitaka kazi ile. Siwezi kuwadanganya kwamba nililazimishwa.

Mtu mwenyewe alikuwa nyumbani kwetu. Bi Tatu ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Aliishi na mjukuu wake Zuhura, niliyemwita dada. Tangu utoto nilijua kwamba Bi Tatu hapiti mbele ya nyumba moja ya mawe karibu na mto. Akiikaribia huvuka upande wa pili na kuvuta kanga mpaka puani. Hatukumuuliza. Kwetu pwani mtu haulizwi asili yake. Wote tunajua kwamba zamani watu waliletwa kutoka bara wakauzwa, na wajukuu wao tunasimama nao safu moja msikitini. Ila halisemwi, kwa sababu likisemwa, ndoa huvunjika. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Asubuhi moja nilimkuta anasuka ukili wa mkeka wa arusi. Zuhura alikuwa ameposwa na watu wa Moa, barua imekwisha kujibiwa, na arusi ilingoja mfungo uishe. Nikakaa karibu yake, nikamuuliza habari za ile nyumba. Aliendelea kusuka. Kisha akaniambia kwamba aliletwa mtoto, akafungiwa chumba cha chini pamoja na wengine siku asizojua idadi yake, na humo mlikuwa na dirisha moja dogo, juu, ambalo kwalo aliona kipande cha mnazi tu. Jina tulilomwita mjini alipewa na waliomnunua. Akanitajia jina la kwao, alilokuwa akiitwa na mama yake. Akasema hata Zuhura halijui.

Wiki ile ile alikuja bwana mmoja wa mkonge pamoja na mkewe. Bwana alikijua Kiswahili vizuri, na dereva wao alifuata nyuma amebeba kikapu cha chai. Nikawasimamisha mbele ya nyumba ya mawe, nikaeleza yote, chumba, dirisha, na kile kipande cha mnazi. Kwa mara ya kwanza hapana aliyepiga miayo. Mkewe alitoa leso. Bwana akatoa daftari, akauliza kama yuko yeyote aliye hai kati ya watu wale.

"Yupo," nikasema. "Ndiye aliyenilea."

Nikampa jina lake la mjini na jina lake la kwao, akaandika. Nikamwonyesha kwa kidole kichochoro anakokaa. Nakumbuka dereva alihamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Sikumwuliza anatoka wapi. Nilijiona nasema na wageni tu; dereva kwangu alikuwa mwenzetu, sikumhesabu.

Memsabu alitimiza ahadi. Fundi alinipima, nikashonewa kanzu yangu mwenyewe, na siku niliyoivaa nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Tatu nimwonyeshe. Aliushika upindo akaukagua, akasema nimependeza.

Mfungo ulipokaribia kwisha walikuja wazee wawili kutoka Moa. Walisalimia kwa adabu, wakauliza hali za watu wote, kisha wakasema kijana bado hajawa tayari, na wangeomba barua yao. Sababu nyingine hawakutoa, wala Bi Tatu hakuwauliza. Zuhura alikuwa ndani nyuma ya pazia, anasikia.

Nami sikuelewa, mpaka yule bwana wa mkonge aliporudi Pasaka. Dereva alinitafuta nyuma ya jiko, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nakushukuru, bwana," alisema. "Yule kijana wa Moa ni mwana wa dada yangu. Tungeoa bila kujua tunaoa wapi. Mola akulipe."

Nikaitikia amina, kwa mazoea. Aliondoka, nami nikabaki nimesimama na sinia la vikombe mpaka mpishi mkuu akanipigia kelele.

Alasiri ile niliacha wageni, nikaenda kwa Bi Tatu. Mkeka ulikuwa nusu, umeviringishwa, umesimamishwa ukutani. Nikamweleza kila kitu bila kujitetea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nilikwambia weye," alisema. "Sikuwaambia watu."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Alinipakulia wali, nikaula huku nalia. Kama angenifukuza ingekuwa afadhali kwangu.

Nilimwomba Memsabu anirudishe mezani, akakataa, maana wageni walikuwa wakija na kuiulizia habari ile. Basi nikaendelea kutembeza, vijana wanaojifunza kazi wakinifuata, na kila tulipofika pale nilisema: hili lilikuwa ghala la nazi. Memsabu alipogundua alikasirika sana. Akaniambia nimeua kitu kizuri kuliko vyote katika mzunguko wake, na hakunipa wageni tena. Nikahamia hoteli moja ya Tanga, nikapanda cheo hadi msimamizi wa vyumba, na huko nikakaa mpaka kustaafu. Kabla ya Uhuru Bi Tatu alifariki. Zuhura, aliyekuwa amekwenda Muheza na kuolewa huko na mtu wa bara wa kazi za mkonge, alikuja mazikoni, akalia na wanawake, akapita mbele yangu kama anayepita penye gogo.

Sasa nimerudi Pangani, na barazani kwangu nawasikia vijana wanavyotembeza wageni. Wakifika kwenye nyumba ile husema bila kusita kwamba ni ghala la nazi. Walifundishwa na waliofundishwa nami. Hata kibao kimewekwa.

Mmoja wao aliponiomba niandike kumbukumbu zangu za kazi, nilikwenda kwanza Muheza kwa Zuhura. Nilimkuta anachagua machungwa, mzee kama mimi. Nikamwomba ruhusa.

"Ruhusa ungeiomba siku ile, kaka," alisema. "Leo unaniomba ya nini?"

Alinimenyea chungwa, nikalila. Hakusema ndiyo wala hapana.

Basi nisiyoificha hapa ni nyumba tu. Haikuwa ghala la nazi. Watu walifungiwa humo. Tatu na Zuhura si majina yao, nimeyaweka mimi. Lile jina la kwao limo katika daftari la mtu nisiyejua aliishia nchi gani, na kulitoa humo siwezi. Hapa siliandiki. Aliniambia mimi.