Dawa ya Minyoo Iliyo Mfukoni Mwangu

Admin, jina langu libaki kwako. Leo ni Jumapili ya Julai, baridi imeshika Thika, na huu ni mwaka wa kumi na nane tangu tufukuzwe Bonde la Ufa. Nina miaka sabini na mitatu, naishi mtaa wa Landless peke yangu. Mke wangu nilimwacha kule, kaburini, nyuma ya boma la ng'ombe.

Alikufa kwa ugonjwa wa kurithi. Ulianza na vidole kucheza vyenyewe, ukamnyang'anya miguu, halafu maneno. Sasa umemfikia binti yetu wa pekee, anayeishi Ruiru na mwanawe. Mjukuu huyo alizaliwa bila baba wa kumtaja, kwa hiyo badala ya jina la upande wa baba tulimpa la nyanya yake, mke wangu. Tumwite Wangari. Kwa desturi yetu Wakikuyu, kwa kuwa amebeba jina la mama yake, binti yangu humwita mtoto wake "maitũ", yaani mama.

Wangari hutafuta dawa kwa kompyuta. Huchukua dawa za zamani zilizokwisha kuruhusiwa, akazijaribisha humo kwenye protini za magonjwa mengine, kama jamaa wanaovaa koti la marehemu mmoja mmoja waone litamkaa nani. Mwezi jana dawa moja ya minyoo ilikaa kwenye ugonjwa wetu.

"Si hiyo iko kila chemist!" binti yangu akasema. "Nianze leo."

"Mum, kompyuta imesema inaweza kushika, haijasema inaponya. Ya minyoo unameza mara moja unasahau. Hii ingekuwa kila siku, na hatujui itafanya nini kwa maini. Hata panya hatujawapa."

"Basi mimi ndiye panya." Akacheka, chai ikamwagikia leso.

Wangari hakucheka. Yeye mwenyewe bado anakataa kupimwa kama anao.

Ndipo binti yangu akamtazama, akasema polepole, ulimi ukimlemea: "Maitũ, uliniacha mara moja. Utaniacha tena?"

Msichana alisimama akaenda jikoni. Hatukusikia sufuria wala maji.

Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, ninunulie huko Thika. Hapa watanisemea kwa Wangari."

Nilinunua, nikaitia mfukoni mwa koti. Muuzaji akanitania, "Mzee, minyoo imekupata uzeeni?" Nikacheka naye. Jana Wangari alinipigia: "Guka," yaani babu, "akikuomba, usimpe." Ilikuwa sauti ya marehemu, hata ule mkwaruzo wa mwisho, na nikaitika kama nilivyozoea kumwitikia mke wangu. Nikadanganya kwamba sijaombwa.

Mnaosoma haya, nishaurini. Nimpe, au niendelee kukaa mbele yake na koti hili kana kwamba mfuko ni mtupu? Kila nikienda anatazama mfuko, vidole vikicheza.

Ameniomba pia, akifa, nimzike kando ya mama yake. Hilo msinishauri. Kule sitarudi.