Neno Lililofutwa Ikombe

Bosi wangu alikuwa anaogopa maji, na serikali ikampangia kazi ya mipango ya ardhi kwenye wilaya yenye ziwa. Mimi, mtoto wa Tanga, nilimcheka mbele yake. Kwenye mtumbwi wa kutoka Matema kwenda Ikombe aling'ang'ania kingo kwa mikono miwili, macho ameyafumba, hata wavuvi walipotusalimia hakuitikia.

Tulikwenda kuwasomea wanakijiji rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kando ya ziwa, chini ya mlima, akina mama wa pale huchimba udongo wa vyungu wanavyouza kwenye soko la Lyulilo. Mashimo ya zamani yalikuwa yameachwa wazi, na kila masika mvua iliumega mlima. Kwenye ramani yetu sehemu hiyo tulikuwa tumeipaka kijani. Bosi akasema kwa nia njema kabisa, "Hapa patakuwa hifadhi."

Akina mama wakanyanyuka. Hakuna aliyefoka; walijifunga kanga zao vizuri wakaanza kuondoka. Mfinyanzi mmoja, udongo umemkaukia mpaka viwikoni, akageuka.

"Baba, hifadhi tunaisikia kwa wenzetu. Ikija, watu wanatoka. Huo udongo mkiufunga, sisi tutafinyanga nini?"

Mkutano ukavunjika. Ofisini Kyela wenzetu wakashauri tuupeleke mpango kama ulivyo, watu watazoea. Nilichemka. Nilisema maneno mengi, mpaka mhasibu wa chumba cha pili akaja kufunga mlango. Bosi alisikiliza yote huku anakoroga chai iliyokwisha kupoa. Kisha akaniambia, "Binti, tutafutie mtumbwi."

Angeweza kunituma mimi. Namshukuru mpaka leo kwamba hakunituma.

Safari hii hakuanza na rasimu. Aliuliza, "Mama zangu, kitu mnachotaka kisiishe, na huku mnakitumia, mnakifanyaje?"

"Tunakitunza," akajibu yule mfinyanzi, kama anayeulizwa jina la mwanawe.

Bosi akaifungua rasimu, akatoa kalamu, akalikata neno hifadhi mbele ya macho yao, akaandika juu yake: *udongo wa kutunzwa*. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Wakakubaliana wachimbe upande wa chini tu, mashimo ya zamani yafukiwe, na kwenye mteremko yapandwe majani marefu ya mabingobingo ya kushika ardhi. Walibishana sana juu ya nani atayapanda, nami nikafurahi, maana mtu habishanii kitu ambacho si chake.

"Ndaga fijo, baba," mfinyanzi akamshukuru, akampakatisha chungu kikubwa, kipya, tukiwa tayari tumekaa mtumbwini.

Ziwa lilikuwa limechafuka. Nilimtazama bosi nione atashika wapi. Alikikumbatia chungu kwa mikono yote miwili, macho wazi, mpaka Matema.